Baba Mchungaji, Mlichoka?

Usomaji: 1 Timoteo 5:3-16, Matendo ya Mitume 6:1-7, Marko 7:9-13

Nawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio sokoni na redio ndogo kando ya meza ya biashara, na ninyi wagonjwa mlio kitandani. Nawasalimu kwa namna ya pekee wababa na wamama wetu wazee. Mara nyingi ninyi ndio wasikilizaji wetu waaminifu kuliko wote, kwa sababu miguu haiwafikishi tena kanisani. Leo tunazungumza juu yenu, na ninyi pia mtusikilize na kutusahihisha.

Somo letu ni hili: namna gani kikundi cha kusaidia wazee kinaweza kudumu. Siyo namna ya kukianzisha. Kuanzisha tunajua. Hapa Bukavu, uende Kadutu, uende Ibanda, uende Bagira, utakuta kikundi kilichoanza kwa nyimbo na maombi, kikachagua prezida, sekreteri na mtunza feza, kikapiga picha mbele ya kanisa. Rudi kisha miaka miwili uulize habari yake. Watakujibu neno moja: "Kilikuwaka."

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilianzisha kikundi cha namna hiyo. Tulikuwa na wazee 22 kwenye orodha. Kila siku ya posho, kisha maombi ya asubuhi, washirika walitembea wawili wawili: huyu anabeba unga kikombe, huyu kipande cha sabuni, vijana wanachota maji na kupandisha bidoni mlimani. Hakukuwa na feza nyingi, lakini kazi ilikuwa inaendelea.

Ndipo shirika moja likatuona, likafurahi, likaleta mradi. Magunia ya unga, mafuta, mablanketi. Tulimshukuru Mungu, na tulifanya vizuri kumshukuru. Lakini angalia kilichotokea kwetu. Mama aliyekuwa analeta kikombe chake cha unga alijiuliza: kikombe changu ni cha nini wakati gari linaleta magunia? Akaacha. Vijana nao wakaanza kuuliza kama kuna kitu cha kuwalipa kwa kubeba magunia. Kisha mwaka mmoja mradi ukaisha. Wale watu walikuwa wametuambia tangu siku ya kwanza kwamba ni mradi wa mwaka mmoja, basi hawakutudanganya. Siku ya posho iliyofuata hakuna mtu aliyekuja. Iliyofuata pia. Hatukufanya hata mkutano wa kukifunga kikundi. Tulinyamaza tu.

Ilipita karibu miezi miwili. Siku moja nilipita kwenye avenyu moja nyuma ya kanisa, nikamwona mama mzee mmoja wa orodha yetu. Alikuwa amekaa mlangoni, na mbele yake beseni lililooshwa likang'aa. Nikamsalimu. Nikamwuliza, "Mama, beseni hili la nini?" Akasema, "Leo ni siku ya posho." Wapenzi, yule mama alikuwa ameosha beseni lake kila siku ya posho kwa wiki nane. Hakunilaumu. Aliniangalia, akaniuliza kwa sauti ya upole: "Baba Mchungaji, mlichoka?"

Sikuwa na jibu. Nilimwombea haraka haraka, nikaondoka. Maombi yale yalikuwa ya kukimbia, na Mungu anajua.

Lakini bado sijamaliza kukiri. Yule mama ana mtoto wake mwanaume, anafanya kazi Kolwezi. Mwaka ule kanisa lilikuwa linatafuta mabati, na huyu kijana alituma sadaka kubwa kwa simu. Siku ya Mungu nilisimama kwenye mimbara nikasoma jina lake. Kanisa lote lilipiga makofi na vigelegele. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Naye alipiga makofi. Jioni ile alilala bila kula. Nilikuja kujua baadaye.

Nikampigia simu kijana. Nilikuwa nimejitayarisha kumkemea. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mchungaji, mimi nilijua kanisa linamtunza. Si mliniambia kuna kikundi?" Nikaona mambo yote mara moja. Mtoto alifikiri kanisa lipo. Kanisa lilifikiri mradi upo. Watu wa mradi waliondoka wakifikiri mtoto yupo na kanisa lipo. Na mama alikuwa katikati yetu sote, na beseni lake mbele yake.

Kutoka siku ile nilirudi kwenye Neno. Nataka tuangalie pamoja mambo matano ambayo Biblia inatufundisha, na ambayo sisi tumejifunza kwa maumivu tulipoanza tena.

1. Jamaa kwanza, kanisa hakika

Katika 1 Timoteo sura ya 5, Paulo anaweka utaratibu. Mjane mwenye watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kwanza kurudisha wema kwa wazazi wao, na jambo hilo linampendeza Mungu. Katika mstari wa 8 anatumia maneno makali sana: mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani, na ni mbaya kuliko yule asiyeamini. Kisha katika mstari wa 16 anaeleza sababu: kanisa lisilemewe, liweze kuwasaidia wale ambao kweli hawana mtu.

Basi kikundi cha wazee hakikuja kuchukua nafasi ya mtoto. Kikundi kinachowaachilia watoto kazi yao kitakufa kwa uzito, na watoto nao watakufa katika dhambi. Siku hizi, kabla ya kuandika jina la mzee, komite yetu inauliza: watoto wako wapi? Namba zao za simu ni zipi? Halafu tunawapigia. Hatuwapigii kwa matusi. Tunasema: "Mama yako hana dawa za tansio tangu wiki mbili. Sisi tunaweza kumpeleka kituo cha afya. Wewe unaweza nini?" Wengi wanajibu. Wengine ni maskini kuliko mama zao, na hao tunawaombea, hatuwahukumu. Wengine wanakata simu. Lakini hakuna tena mtoto anayeweza kusema hakujua.

Hata sheria ya inchi inasema hivyo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, inaweka juu ya watoto kazi ya kuwasaidia wazazi wao. Na kifungu cha 49 kinasema kwamba watu wa umri mkubwa wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Hayo ni maandishi mazuri. Lakini pensheni inamfikia nani? Inamfikia yule aliyefanya kazi ya mshahara na kuandikiwa michango. Mama aliyelima muhogo miaka 40, au aliyepanda na kushuka mlima na gunia la makala mgongoni, hakuna ofisi iliyomwandikia mchango hata siku moja. Ofisi yake ya pensheni ni watoto wake, na kisha watoto wake ni sisi.

2. Usimtolee Mungu kitu ulichomnyang'anya mama

Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea Wafarisayo juu ya desturi ya Korbani. Mtu alikuwa anasema kwamba kitu ambacho kingemsaidia baba au mama yake kimewekwa wakfu kwa Mungu, na viongozi wa dini walimruhusu asiwafanyie wazazi wake kitu tena. Yesu anasema kwamba kwa njia hiyo wanalivunja Neno la Mungu.

Zamani nilihubiri sura hii kama habari ya Wafarisayo. Siku ya simu ya Kolwezi nilitambua kwamba Mfarisayo alikuwa mimi. Mimi ndiye niliyepokea, nikaombea, nikasoma jina, na sikuuliza swali hata moja. Wachungaji wenzangu mnaonisikia, sisemi watu wasitoe zaka. Sisemi nyumba ya Mungu ikae bila mabati. Nasema hivi: mshirika akileta sadaka kubwa, tumwulize habari ya wazazi wake kabla ya kumpigia makofi. Swali hilo linaweza kupunguza feza katika kapu. Halitapunguza baraka.

Kuna jambo lingine linalofanana na hili. Mzee akifa, ndani ya siku mbili tunapata feza ya jeneza zuri, ya viti, ya hema, ya kulisha watu wa kilio, na ya nguo za rangi moja. Watoto wanatoka Kinshasa na Lubumbashi kwa ndege. Feza hiyo ilikuwa wapi mzee alipokuwa anaomba sukari? Kumlilia mzee wetu ni jambo jema. Lakini amri ya kuheshimu baba na mama imeandikwa kwa ajili ya watu walio hai. Maiti haisikii joto la blanketi.

3. Kidogo chetu, kila wiki

Tulipoanza tena tulikuwa watu 36. Tulikubaliana franka 500 kila mmoja kwa wiki. Hiyo ni franka 18 000 kwa wiki, na franka 72 000 kwa wiki nne. Ni kidogo. Haiwezi kuponya kila ugonjwa wala kujenga nyumba. Lakini inanunua unga, chumvi, sabuni na ndakala kwa wale saba katika orodha ambao hawana mtu kabisa, na inabaki nauli ya moto ya kumfikisha mgonjwa mmoja kituo cha afya. Na kitu kikubwa ni hiki: hakuna barua kutoka mbali itakayotuambia kwamba franka 500 zetu zimeisha.

Paulo aliwaagiza Wakorinto, katika barua ya kwanza sura ya 16, kwamba kila mmoja aweke kitu kando siku ya kwanza ya juma kadiri alivyofanikiwa. Kila juma. Kadiri ya uwezo. Hakungoja aje mwenyewe ndipo watu waanze kukimbia huku na huku kutafuta. Hiyo ni hekima kwa kikundi chochote.

Je, tukatae misaada ya mashirika? Hapana. Mungu alitumia hata kunguru kumlisha Eliya. Lakini tumeweka kanuni: gunia likija, kikombe cha mshirika hakikomi. Msaada wa nje unanunua kitu kinachobaki, kwa mfano beseni, mikongojo, mbegu, kitanda. Chakula cha kila wiki kinatoka mikononi mwetu. Tena, kama kikundi chenu kimekua na mnataka kupata hati za serikali, iko sheria ya mwaka 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida. Mwendeni mwulize vizuri kabla ya kutoa feza kwa mtu wa kati. Lakini hati haiwezi kupandisha bidoni mlimani.

4. Kaye wazi, na funguo zaidi ya moja

Vikundi vingi haviuawi na umaskini. Vinauawa na mashaka. Mtu mmoja anatunza feza, anaandika mwenyewe, anagawa mwenyewe. Hata kama ni mwaminifu kama Danieli, siku moja mtu atanong'ona, na kikundi kitapasuka.

Tazama hekima ya Mitume. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema, "Nyamazeni, mnasumbua kazi ya Mungu." Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Na angalieni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaani kanisa liliweka ugawaji mikononi mwa watu walio karibu na wale waliosahauliwa. Matokeo? Mstari wa 7 unasema Neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Ndugu zangu Wapentekoste, tunapenda kufunga na kuomba kwa ajili ya uamsho. Hapa uamsho ulifuata ugawaji wa haki.

Hata Paulo, katika 2 Wakorinto 8, alipopeleka michango hakuibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu.

Sisi tunafanya kama vile wamama wengi wanavyofanya katika vikundi vya akiba: sanduku moja, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tatu. Mwisho wa mwezi kaye inasomwa kwa sauti mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na viongozi wanabadilishwa kisha miaka miwili, hata kama wanafanya vizuri, ili kazi isife mtu mmoja akihama. Mwaka jana mtunza feza wetu alihamia Uvira ghafula. Zamani tungekufa. Safari hii kaye ilibaki, funguo mbili zilibaki, na siku ya posho watu walikwenda.

5. Wazee ni wanachama, si mizigo

Kosa kubwa la kikundi chetu cha kwanza lilikuwa hili: katika mikutano yote hatukuwahi kumwita mzee hata mmoja. Tulipanga juu yao bila wao. Siku hizi watatu wako ndani ya komite. Mmoja alikuwa mwalimu. Macho yamepungua lakini anajua hesabu kutushinda, na kaye haifungwi mpaka asikie kila namba. Mama mmoja anaangalia watoto wadogo wawili wa jirani asubuhi, na mama yao anayekwenda sokoni anamletea mboga jioni. Mwingine hawezi kutoka kitandani. Yeye ana orodha ya majina yetu, anatuombea kila alfajiri. Katika Zaburi 71 mzee anamwomba Mungu asimwache hata akiwa na mvi, mpaka atangaze nguvu za Mungu kwa kizazi kinachokuja. Mzee ana ujumbe. Anayemfungia mlango anajinyima mwenyewe.

Hapa lazima niseme neno gumu. Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini wamama wazee wameitwa wachawi, wamepigwa, wengine wameuawa. Na mara nyingine neno hilo lilitoka kinywani mwa mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu, katika chumba cha maombi. Macho mekundu ya mama aliyepika kwa moshi miaka 50 si alama ya uchawi. Kusahau majina si pepo. Kuishi miaka mingi si kula miaka ya wajukuu. Biblia inaita maisha marefu baraka. Mtabiri anayemtaja mzee kwamba ndiye aliyeua mtoto, usimfuate, hata akisema kwa lugha. Na kikundi cha wazee kisiposimama mlangoni mwa mzee siku anaposhtakiwa, unga wake ni wa bure.

Mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu, benki zilifunga milango. Sanduku letu nalo lilikuwa karibu tupu, kwa kuwa watu hawakuwa na biashara. Tulikaa tukajiuliza kama tusimame. Mama mmoja wa kikundi akasema, "Orodha tunayo. Miguu tunayo." Wiki zile tulikwenda mikono mitupu, au na viazi vitatu. Tuligonga mlango, tukaita jina, tukaomba, tukachota maji. Wazee wengi walituambia baadaye kwamba hawakumbuki tulileta nini. Wanakumbuka kwamba tulikuja.

Hapo nilielewa kitu kinachodumisha kikundi. Feza inasaidia, sanduku linasaidia, kaye inasaidia sana. Lakini kikundi kinadumu pale ambapo mtu fulani anajua kwamba siku ya posho jina fulani linamngoja.

Bwana wetu alipokuwa msalabani, misumari mikononi, alimwona mama yake. Alikuwa anabeba dhambi za ulimwengu wote, na hata hivyo hakusema kazi yake ni kubwa mno asiweze kumshughulikia mama mmoja. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, kwa kumwonyesha mtu. Na Yohana anaandika kwamba tangu saa ile alimchukua nyumbani kwake.

Yule mama wa beseni bado yuko. Mtoto wake anatuma kitu kila mwezi, moja kwa moja kwake. Nilimwomba msamaha mbele ya kanisa, mahali pale pale niliposoma jina la mtoto wake. Akasimama kwa mkongojo, akaniambia, "Basi msichoke tena."

Ndugu yangu, dada yangu, leo kabla ya jua kutua, taja jina la mzee mmoja. Kama ni mzazi wako, mpigie. Kama ni jirani, bisha hodi.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, utusamehe kwa milango tuliyopita bila kubisha. Utupe mikono isiyolegea na vitabu vya hesabu vilivyo safi. Uwalinde wazee wetu na njaa, na upweke, na ulimi wa uongo. Uwape watoto walio mbali kukumbuka. Na sisi, utupe kudumu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Andikeni majina ya wazee wote wa avenyu yenu. Ni nani aliyewatembelea wiki hii?
2. Kama mlikuwa na kikundi kikafa, kilikufa kwa sababu gani? Semeni bila kumtaja mtu kwa ubaya.
3. Kila mmoja anaweza kutoa nini kila wiki bila kuacha kwa mwaka mzima: feza, chakula, maji, au saa moja?
4. Mzee gani mtamwomba aingie katika komite yenu?